Maji ya Mtu wa Mwavuli

Tangazo la msiba la shemeji yangu Setondji lilikuwa na mistari minne, na aliyeliandika ni mimi. Niliweka jina, umri, kanisa na saa ya mazishi. Penye kazi niliandika "mtumishi wa serikali mstaafu". Nilijua kwamba nikitaja makumbusho alikofanya kazi, mji mzima wa Porto-Novo ungecheka chini chini: mwizi wa wafu alipewa kazi ya kuwalinda wafu. Nimefundisha shule miaka thelathini na mitano, na najua jinsi ya kuficha jambo kubwa ndani ya sentensi isiyo na kosa. Sasa nina miaka sabini na minane, na nataka kumwandikia mistari iliyobaki.

Setondji alikuwa mdogo wa mume wangu, Anselme Tokplonou. Baba yao alikuwa fundi wa kushona majoho ya sherehe, na alikuwa akitumia mkono wa kushoto. Nilipoolewa mwaka 1962 alikuwa amekwisha kufariki, na ukoo ulikuwa ndio kwanza unamtengenezea aseni yake.

Kwetu mtu akishazikwa kazi haijaisha. Muda ukipita, ukoo humpa mhunzi kazi ya kutengeneza aseni, fimbo ya chuma inayofika kiunoni, yenye sahani juu, na juu ya sahani sanamu ndogo zinazosema marehemu alikuwa nani. Fimbo huchomekwa katika sakafu ya udongo ya kijumba cha wazee, mle ndani ya boma. Kila Januari shangazi wa ukoo huingia bila viatu, akawamwagia maji mmoja mmoja huku akiwaita kwa majina. Asiye na aseni haitwi, na asiyeitwa hanywi.

Aseni ya baba mkwe ilikuwa na mtu aliyeketi kitini chini ya mwavuli, mkasi mkononi. Mhunzi, aliyemjua vizuri, alimshikisha mkasi kwa mkono wa kushoto. Shangazi Alugba alipoiona akapiga yowe. "Kaka yangu ataingia kwa wazee na kuwasalimu kwa mkono huo? Wewe mhunzi, umelewa?" Mhunzi hakubishana. Aliukata mkasi, akaulehemu upande wa kulia. Ule mkono wa kushoto ukabaki na kovu la lehemu, jeupe kama tone la uji lililoganda. Setondji, aliyekuwa kijana wa miaka ishirini, alicheka mpaka akatolewa nje. Aliniambia, "Shemeji, hata akiwa chuma wamemnyang'anya mkono wake."

Yeye ndiye aliyekabidhiwa ufunguo wa kijumba. Alifagia, alipaka vyuma mafuta ya mawese visishike kutu, alifukuza mchwa. Mume wangu hakuwa mtu wa mambo hayo. Alikuwa mwalimu mkuu, Mkristo, mtu wa tai shingoni hata Jumamosi. Lakini kama mwana wa kwanza, yeye na mwenye ufunguo ndio pekee waliokuwa na ruhusa ya kuingia mle nje ya siku ya sherehe.

Mwishoni mwa mwaka 1971 mkaguzi wa shule, Mfaransa aliyeitwa Bwana Lemercier, alikuwa anarudi kwao. Tulimwalika kwa chakula cha mchana. Nilipika bata kwa mchuzi wa nyanya, na alikula vizuri. Baada ya kahawa Anselme akamzungusha bomani, akamfungulia kijumba. Yule mgeni akainama mbele ya mtu wa mwavuli, akasema, "Huyu ana adabu kuliko mawaziri wote niliokutana nao." Mume wangu akacheka, akafurahi kupita kiasi, kama mwanafunzi aliyesifiwa mbele ya darasa.

Baada ya siku mbili Anselme alikuja sebuleni nikisahihisha madaftari.

"Nipe kitenge kimoja, kizito."

"Cha nini?"

"Cha kufungia zawadi."

Nilimpa kile cha bluu chenye ndege. Sikuuliza zawadi gani. Nilisikia chuma kikigonga chuma kule nje, nikainamia daftari. Hilo nalisema mapema, ili msomaji asidhani naelezea kosa la mtu mwingine.

Januari shangazi Alugba akaingia na kibuyu chake cha maji. Aliita babu, akaita bibi, akafika penye kaka yake, akakuta tundu. Kelele aliyoipiga naisikia hata leo. Ukoo mzima ulikuwa umejaa uani, watoto wakiwa na nguo mpya. Shangazi akatoka, akachota udongo wa kijumba, akaukoroga kwenye maji. Hayo ndiyo maji ya kiapo. Anayeyanywa akasema uongo, wazee humfuata kabla ya mwaka kwisha. Hakuna wa ukoo wetu asiyeamini hivyo, wala waliosoma hawajavuka hapo, ingawa husema wamevuka.

"Ufunguo ni wa nani?" aliuliza.

"Wangu," Setondji akajibu.

"Basi kunywa, useme si wewe, twende kwa anayefuata."

Anayefuata alikuwa mume wangu. Alikuwa amesimama karibu na mlango, mikono nyuma, tai imenyooka. Setondji akakitazama kibuyu. Kisha akamtazama kaka yake, si kwa hasira. Alimtazama kama mtu anayepima kina cha mto kabla ya kuvuka.

"Sinywi," akasema.

"Hunywi kwa nini?"

"Sina kiu, shangazi."

Binamu mmoja nyuma akadakia, "Leo hana kiu! Ingekuwa sodabi, angekuwa anatafuna na kibuyu chenyewe!" Watu wakaangua kicheko, kwa maana ni kweli Setondji aliipenda ile pombe kali ya mchikichi siku za mwisho wa juma. Kicheko kilipoisha, hukumu nayo ilikuwa imeisha. Shangazi alimmwagia yale maji miguuni. "Umemuuza baba yako ukamnywa. Weka ufunguo chini."

Akauweka chini.

Nilifundisha hesabu, na hesabu ile haikuwa ngumu. Setondji angekunywa na kuapa, kibuyu kingepita kwa Anselme. Anselme angekiri mbele ya ukoo, au angekunywa uongo. Mdogo wake alikataa maji ili kibuyu kisimfikie kaka yake, na kwa watu wetu kukataa maji yale ni kukiri. Hakuna aliyewaza sababu nyingine. Katika ukoo wetu hakukuwahi kuwa na sababu nyingine.

Jioni ile Anselme hakugusa chakula. Nikamwambia, "Nenda kaseme." Akanijibu, "Nikisema, Romuald atasoma shule gani wasikomwita mtoto wa aliyempa mzungu baba yake?" Romuald, mwanetu wa kwanza, alikuwa na miaka minane, amekaa pale pale akimega akasa yake, ugali wa mahindi uliochachushwa. Nilimtazama mtoto, nikatoa vyombo mezani. Jina la nyumba ile lilikuwa langu pia kulilinda, na nilililinda.

Setondji alihama boma. Alipanga chumba karibu na wangwa, akaishi kwa vibarua. Baadaye makumbusho ya mjini yakamchukua kama mfagiaji, kwa sababu alijua kusafisha chuma cha zamani bila kukikwaruza. Mwongoza wageni mzee alipopoteza sauti, wakamjaribu Setondji. Hawakumbadilisha tena kwa miaka ishirini na tisa.

Waliowahi kuzungushwa naye hawakumsahau. Alianza uani, penye ngoma kubwa, akawaambia wageni waipige kila mtu mara moja, "ili wenye nyumba wajue mmefika." Kwenye vinyago vya Wayoruba aliigiza sauti ya mke mkali mpaka wanawake wakamchapa kwa mikoba. Alijua kuwapima watu. Watalii aliwapa vichekesho, wanafunzi aliwapa maswali, na wazee waliotoka vijijini aliwaacha watazame kimya. Chumba cha aseni alikiweka mwisho, na mlangoni alivua ndala zake.

"Vueni viatu," alisema. "Wenye soksi zilizotoboka wasione haya. Waliomo humu wameona makubwa zaidi."

Wageni walidhani ni kwa ajili ya sakafu. Nje ya mlango ule kulikuwa na safu ya viatu kama msikitini, na uongozi wa makumbusho ukauacha mtindo huo, kwa kuwa wageni waliupenda.

Mwaka 1984 yalikuja masanduku kutoka Ufaransa. Bwana Lemercier alikuwa amefariki, na binti yake akavirudisha vitu vya baba yake nchini vilikotoka. Setondji ndiye aliyepewa nyundo ya kufungulia. Ndani ya sanduku la tatu alikuta kitenge cha bluu chenye ndege.

Hayo sikuyajua mpaka mwaka 1986, nilipowapeleka wanafunzi wangu arobaini na wawili makumbushoni. Nilikuwa nimekwepa safari ile miaka mingi, nikiwaachia walimu wengine. Mwaka ule sikuwa na wa kumwachia. Setondji alitupokea langoni kama hatujawahi kuonana. "Karibu, Mwalimu," alisema, akachukua orodha ya majina, akaanza na ngoma. Watoto walicheka safari nzima. Mlangoni pa chumba cha mwisho nilivua viatu pamoja nao, na kabla sijainuka nikamwona baba mkwe.

Alikuwa ndani ya sanduku la kioo, chini ya mwavuli wake. Kovu jeupe lilikuwa pale pale. Kibao kilisema: *Mtu asiyejulikana. Chuma. Zawadi ya familia ya Lemercier.*

Msichana mmoja, mdadisi kupita kiasi, akainua mkono. "Bwana, kwa nini mkono huu una donda?"

"Alikuwa anashona kwa huo," Setondji akasema. "Wakaona aibu, wakambadilishia."

"Kumbe mnamjua! Mbona wameandika hajulikani?"

Watoto wakacheka. Setondji hakunitazama. "Mimi namjua kwa kumtazama tu," akasema. "Ukimfagilia mtu kila siku utamjua, hata kama hujui jina lake." Kisha akashikwa na kikohozi. Alitoa chupa ndogo ya maji mfukoni, akanywa funda moja, na alipokuwa akiishusha mkono ukatetemeka, matone kadhaa yakaanguka chini, karibu kabisa na mguu wa lile sanduku. Mlinzi mlangoni akasema, "Mzee Setondji na kikohozi chake!" Hakuna mwingine aliyeona kitu. Mimi niliona. Alikuwa akimnywesha baba yake.

Watoto walipokuwa wanakula mikate yao uani, nilimfuata kwenye stoo ya mafagio.

"Tangu lini?" nikamuuliza.

"Mwaka wa pili sasa."

"Na umenyamaza?"

"Nimwambie nani, shemeji? Ndani ya daftari la Mfaransa, lililokuja na masanduku, imeandikwa wazi: *zawadi ya kuagana kutoka kwa Bwana A. Tokplonou, mwalimu mkuu*. Nikisema huyu ni baba yangu, wataniuliza alitokaje nyumbani. Hapo jibu limeshaandikwa." Akatabasamu. "Tena kwa mwandiko mzuri."

"Siku ile ulijua?"

"Mimi ndiye niliyemshikia mlango. Alitoka na furushi la kitenge, nikadhani anaipeleka kwa mhunzi. Nikamwambia, kaka, angalia mwavuli usipinde. Mwavuli haukupinda. Bora hivyo."

Nilianza kulia, akanikataza, akasema watoto wataona. Akaokota fagio, akalishika kama mtu aliye kazini.

"Sikudai kitu, Mwalimu. Kaka aishi na heshima yake. Ila siku zangu zikiisha, nataka nichomekwe nyumbani. Mwizi hachomekwi, na wewe unajua. Wewe ndiye unayeweza kusema. Si lazima leo. Wewe utajua lini."

"Nitasema," nikamwambia.

"Haya. Basi nenda, wale watoto wanapiga ngoma yangu."

Anselme alikufa mwaka 1998. Alizikwa kwa maaskofu na bendi, na baada ya mwaka akapewa aseni nzuri yenye kitabu na kengele ya shule. Nilisimama mbele yake na kitambaa cheupe kichwani, nikapongezwa. Nje ya lango, juani, niliona kofia ya Setondji. Hakuruhusiwa kuingia. Nilimpelekea sahani ya wali na nyama kwa mkono wangu mwenyewe, akaila akiwa amesimama.

"Lile neno letu, shemeji?"

"Bado. Tumo msibani."

"Sawa."

Halafu binti yangu alikuwa anaolewa, na wakwe walikuwa watu wa kuuliza uliza. Bado. Halafu Romuald alichaguliwa kuwa Dah, mkuu wa ukoo, akavikwa kofia mbele ya kamera za televisheni na wageni kutoka Cotonou. Ningesemaje wakati ule kwamba kofia anairithi kwa nani? Bado. Kila sababu ilikuwa nzuri. Nilizipanga moja baada ya nyingine kama sahani safi kabatini.

Setondji alistaafu, lakini aliendelea kwenda makumbushoni kila Alhamisi. Alikata tiketi kama mgeni, akavua viatu, akakohoa. Mwongozaji mpya, dada mmoja aliyeitwa Senan ambaye Setondji mwenyewe alimfundisha kazi, alimtania: "Mzee, umezunguka humu miaka thelathini, bado hujaona kila kitu?" Naye alimjibu: "Kuna mmoja hajaniona vizuri."

Mwaka 2012 mapafu yalimwishia. Nilimkuta chumbani kwake karibu na wangwa, amekalishwa kwa mito, dirisha wazi. Alikuwa amekonda, lakini alinichungulia kwa macho yale yale ya kupima watu.

"Mwalimu umekuja kusahihisha?"

"Nimekuja kukuangalia."

"Basi nipe alama." Alivuta pumzi muda mrefu. "Usipoweza kusema, usijitese. Nimewaza. Wewe una watoto na jina. Mimi nina kikohozi tu. Nimemwonyesha Senan namna ya kukohoa."

Nilimshika mkono. Ningeweza kumwambia, twende sasa hivi, niite gari, tukaseme. Nilimwambia apumzike. Alikufa Jumapili iliyofuata, na Jumatatu nikakaa mezani kuandika ile mistari minne.

Miezi minane baadaye ukoo ulikutana kuamua nani wapewe aseni mwaka ule. Tulikaa uani. Romuald alikuwa kitini kwake, kofia kichwani, miwani ya dhahabu. Shangazi Alugba, aliyekaribia miaka mia na macho yamekwisha, aliketi mlangoni mwa kijumba na fimbo yake. Karani akasoma majina manne. Jina la Setondji halikuwemo, na hakuna aliyelitegemea.

"Yuko mwingine?" Shangazi akauliza, kama desturi inavyomtaka aulize mara tatu.

Karani akaanza kukunja karatasi yake.

"Yuko mwingine?"

Nilimwona binamu yule yule wa kicheko cha zamani, sasa mzee asiye na meno, akimega kokwa ya kola. Niliwaza juu ya wajukuu zangu na vyeo vya baba yao. Niliwaza juu ya tai ya Anselme. Kisha nikakumbuka sahani ile ya wali, na mtu mzima akila amesimama nje ya lango la baba yake.

"Yuko mwingine?"

"Yuko," nikasema, nikainuka.

Mke wa mtu hazungumzi katika kikao kile. Minong'ono ilianza mara moja. Romuald akaegemea mbele, akasema kwa sauti ya chini, "Mama, kaa."

"Dah Tokplonou," nikamjibu, "hapa sisemi na mwanangu. Leteni maji."

"Maji gani?"

"Shangazi anayajua."

Shangazi Alugba aligeuza uso upande niliko. "Wewe wa kanisani? Wewe mwalimu? Unayataka haya yetu?"

"Ndiyo, shangazi."

"Utakufa nayo."

"Nitakufa kwa vyovyote. Koroga."

Walinipa kibuyu. Maji yalikuwa mazito, yana ladha ya sakafu na mawese ya zamani. Niliyanywa yote, mchanga ukanibaki menoni, nikasema: "Aseni ya baba hakuiuza Setondji. Aliitoa mume wangu Anselme, akampa mkaguzi kama zawadi ya kuagana. Kitenge cha kuifungia nilitoa mimi. Setondji alikataa maji ili kibuyu kisifike kwa kaka yake. Iko kwenye makumbusho humu humu mjini, chumba cha mwisho, nanyi mmepeleka watoto wenu wakaitazama. Setondji ndiye aliyeitunza na kuinywesha maji mpaka akafa."

Romuald alivua miwani, akaifuta, akaivaa. Binamu yule aliacha kumung'unya. Shangazi ndiye aliyeanza, polepole, kama anayehesabu.

"Alisema hana kiu," akasema. "Mimi nikammwagia miguuni. Miaka arobaini na moja nimemnyima mtoto maji, na yeye alikuwa anamnywesha kaka yangu." Akaanza kupiga fimbo chini, mara moja, mara mbili, akilia bila machozi, kama wazee wanavyolia. "Mwiteni mhunzi. Mwiteni leo!"

Mtu mmoja akauliza kama aseni ya Anselme itang'olewa. Shangazi akakemea: "Hatung'oi mmoja ili tuchomeke mwingine. Watakaa pamoja humo, wayamalize wenyewe."

Mhunzi aliponiuliza aweke nini juu ya sahani, nilimwambia mlango na jozi ya ndala. Shangazi akaongeza ufunguo. Januari iliyofuata aliingia akiongozwa mkono, akawaita wote, na alipofika kwa Setondji akamwaga kibuyu kizima. Ilikuwa Januari yake ya mwisho.

Romuald hajaja kwangu tangu kikao kile. Humtuma dereva na dawa zangu za shinikizo la damu, zikiwa zimepangwa vizuri ndani ya mfuko. Sokoni watu wananisalimu kwa heshima iliyozidi kidogo, kama wanavyomsalimu mtu aliyepatwa na jambo. Mimi niliyelilinda jina hili maisha yangu yote, ndiye niliyelitoa nje. Sijuti, lakini sitasema kwamba haliniumi.

Tuliandika barua kuiomba aseni ya baba. Walitujibu kwa adabu kwamba kitu hicho kimo katika orodha ya mali ya taifa, na kwamba maombi yetu yatachunguzwa. Ni mwaka wa tatu yanachunguzwa. Kibao bado kinasema mtu asiyejulikana. Kwa hiyo Setondji yuko nyumbani, amechomekwa kando ya tundu lililozibwa kwa jiwe. Baba yake yuko ndani ya kioo, upande wa pili wa mji. Walikuwa pamoja kila siku wakati mmoja wao hakuruhusiwa kurudi. Sasa aliyerudi yuko peke yake.

Senan naye alihamishiwa makumbusho ya Abomey. Basi Alhamisi huenda mimi. Nakata tiketi, napita penye ngoma, naipiga mara moja. Mlangoni navua viatu, nikiegemea ukuta kwa sababu ya magoti. Juzi mlinzi mpya aliona chupa mkononi mwangu.

"Mama, maji hayaingii humu."

"Nina kikohozi," nikamwambia.

Akanitazama, akaona mvi na viatu nilivyovivua. Akageuka upande wa dirisha. Nikasogea mpaka kwenye kioo, nikakohoa.